Ofisi iliyogawa faida kwa rika

Mawakili wa New York wana visa vyao, kama mabaharia walivyo na vyao. Kimoja kinahusu kesi ya IBM, kampuni ya kompyuta, na ofisi ya mawakili wake, Cravath, Swaine & Moore. Kijana mmoja alikesha kazini, akamwandikia mteja ankara ya saa 24 kwa siku moja. Mwenzake hakukubali kupitwa. Akapanda ndege kwenda California, akafanya kazi njia nzima, na kwa kuwa kule saa ziko nyuma kwa 3, siku yake ikafikisha saa 27. Akazitoza zote.

Watu hukisimulia wakicheka. Mimi huwa najiuliza yule wa pili alijisumbua kwa nini, maana hizo saa 3 hazikumwongezea mshahara hata senti. Pale Cravath, mlioanza kazi mwaka mmoja mlilipwa sawa. Hilo ndilo lililonivuta kuifuatilia ofisi hii, na leo lina habari ya kusikitisha kidogo.

Ni ofisi kongwe. Hujihesabu tangu 1819, na miongoni mwa wabia wake wa awali, yaani mawakili wanaoimiliki na kugawana faida yake, alikuwemo William Seward, yule aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Rais Lincoln wa Marekani, akachomwa kisu kitandani usiku uleule Lincoln alipopigwa risasi, akapona, na mwaka 1867 akainunua Alaska kutoka kwa Warusi kwa dola milioni 7.2. Lakini Seward ni picha ya ukutani tu. Aliyeijenga ofisi ni Paul Cravath, mtoto wa mchungaji, mzaliwa wa Ohio. Kabla hajafika miaka 30 alikuwa tayari wakili wa George Westinghouse, mwenye kampuni ya umeme, katika vita vya hataza (haki ya uvumbuzi) ya balbu dhidi ya watu wa Edison. Kesi ya balbu, upande wa Edison ulishinda. Ila umeme unaoingia nyumbani kwako leo ni wa namna aliyoipigania Westinghouse.

Enzi hizo ofisi ya wakili ilikuwa kama karakana ya fundi. Kijana anakuja kujifunza, mara nyingi bila malipo, ananakili nyaraka, anahudumia wateja wa mjomba wake pembeni, na akipata upenyo anajiondokea. Cravath hakuupenda mchezo huo. Akachukua vijana waliong'ara Harvard, Columbia na Yale, wakiwa wametoka darasani moja kwa moja, kwa sababu hakutaka mtu aliyekwisha kufunzwa vibaya na mwingine. Akawalipa mshahara, akawakataza wateja wa pembeni, akawazungusha: muda fulani chini ya mbia huyu, kisha chini ya yule. Kesi kubwa ilivunjwa vipande, mgeni akapewa kipande kidogo akitafune mpaka akimalize, na kadiri alivyokomaa ndivyo kipande kilivyokua. Baada ya miaka kadhaa aliambiwa moja kati ya mawili: karibu kwenye ubia, au katafute pengine. Wengi waliambiwa la pili. Lakini hawakutupwa jalalani. Baadhi waliishia kuwa mawakili wa ndani wa kampuni zilezile zilizokuwa wateja, na kampuni ikipata matatizo wanajua wampigie nani simu. Ujanja ule!

Utaratibu huo umeigwa na karibu kila ofisi kubwa ya mawakili Marekani, na mpaka leo unaitwa kwa jina la Cravath.

Sasa tuje kwenye kipande ninachokipenda. Wabia waligawana faida kwa rika. Mlioingia ubia mwaka mmoja mlipanda ngazi pamoja, fungu kwa fungu, hata kama mmoja ameleta mteja mnono mwaka huo na mwenzake hakuleta yeyote. Ukitazama juujuu utadhani ni ujamaa umeota katikati ya Manhattan. Haukuwa ujamaa, zilikuwa hesabu. Mahali ambapo kila wakili anakula alichowinda, mteja huwa siri. Tajiri ana shida ya kodi, na wakili wake ni mtaalamu wa mikataba. Anajua mbia wa chumba cha tatu anaijua kodi kumzidi, lakini akimpeleka kule anaweza kumpoteza. Basi anajikongoja naye mwenyewe. Kwenye mgao wa rika hofu hiyo haipo. Ukimpeleka mteja kwa anayejua zaidi, fungu lako liko palepale.

Bila mpango huo sioni wangeibebaje ile kesi ya IBM. Serikali ya Marekani ilifungua mashtaka Januari 1969, ikidai kampuni hiyo imehodhi soko la kompyuta. Usikilizaji ulianza 1975. Siku 700 za mahakamani, kumbukumbu za kurasa zaidi ya 100,000, na Januari 1982 serikali yenyewe ikaiondoa kesi kwa kusema haina msingi. Miaka 13! Thomas Barr wa Cravath ndiye aliyeongoza utetezi. Mwambie mbia kijana anayelipwa kwa wateja anaowaleta mwenyewe ajifungie ndani ya kesi moja namna hiyo, uone kama hutamkosa kesho asubuhi.

Vijana, kwa upande wao, waliilipia ndoto hiyo kwa usingizi. Inasimuliwa kwamba Hoyt Moore, ambaye jina lake ndilo la mwisho kwenye kibao cha ofisi, aliombwa aajiri watu zaidi kwa kuwa waliopo wameelemewa. Akajibu kwamba hakuna aliyeelemewa: yeye ametoka saa 8 usiku na hakuona taa hata moja inayowaka. Mshahara ulikuwa wa kutuliza machungu. Mwaka 1968 Cravath walipandisha wa kuanzia mpaka dola 15,000 kwa mwaka, ofisi nyingine zikanung'unika, kisha zikafuata. Mwaka 2016 walipandisha tena, 180,000, na zikafuata vilevile.

Nisiisifu rika hii kupita kiasi, maana mlango wake ulikuwa mwembamba. Mwanamke wa kwanza kuwa mbia, Christine Beshar, aliingia 1971. Mtu mweusi wa kwanza, Rowan Wilson, aliingia 1992. Tarehe hiyo ya pili hunikaa rohoni kwa sababu ya baba yake Paul. Mchungaji Erastus Cravath alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Chuo cha Fisk, kilichofunguliwa Nashville mwaka 1866 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, na ndiye rais wake wa kwanza. Paul mwenyewe alikuja kuwa mdhamini wa chuo hicho. Alifariki 1940, na ofisi yake ilichukua miaka 52 mingine kumpa ubia mtu ambaye babu yake angeweza kukaa darasani kwa Erastus. Wilson ni jaji mkuu wa jimbo la New York tangu 2023, kwa hiyo kilichokosekana miaka yote ile hakikuwa vipaji.

Na mpango wenyewe sasa unabomoka. David Boies, aliyekulia katika kesi ya IBM, aliondoka 1997 baada ya kuitetea timu ya besiboli ya Yankees katika ugomvi uliogusa maslahi ya Time Warner, kampuni ya habari na burudani iliyokuwa mteja mkubwa wa ofisi; akafungua ya kwake. Mwaka 2016 Scott Barshay, bingwa wa kuunganisha makampuni, akahamia ofisi nyingine, Paul, Weiss. Ofisi kama Kirkland & Ellis, zinazomlipa mtu kwa kile alicholeta, zikawa zinabisha hodi na hundi mkononi. Desemba 2021 Cravath wakaulegeza mgao wa rika, wenye kuvuna zaidi wapate zaidi. Mwaka 2023 wakaanzisha wabia wa kulipwa mshahara, wasio na fungu kwenye faida.

Nawaelewa, lakini nadhani wamekosea. Kwa kugombania hundi hawatawashinda wenye mawakili maelfu. Wao ni kama 500 tu. Walichokuwa nacho wao, na wengine hawana, ni kwamba mbia hakuwa na sababu ya kumficha mteja wake kwa mwenzake. Wataniambia mchapakazi astahili kulipwa kuliko mvivu. Sawa, ila mvivu walikuwa na miaka kadhaa ya kumchuja kabla hajapewa ubia. Kama alipenya, kosa ni la chekecheo.

Wapo pia wanaolalamika kwamba siku hizi Cravath inapokea wabia kutoka ofisi nyingine, jambo ambalo mzee Cravath asingelikubali. Hapo siungani nao. Mzee mwenyewe aliingia mwaka 1899 akikaribia miaka 40, akitoka kwingine; kabla ya hapo aliwahi kuwa mbia wa Charles Evans Hughes aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Marekani. Kwa masharti yake, asingepita hata usaili.