Nani Kakuruhusu Kutoka?

Bando ni langu, simu ni yangu, na kompyuta nimeinunua kwa mkopo wa kikundi ambao mweka hazina wake mpaka leo akinisalimia naona kama ananidai. Lakini ukiniuliza ni nani anatumia intaneti ndani ya hii kompyuta, mimi mwenye mali ndiye wa mwisho kujua. Vitu vinaingia na kutoka, vinaongea na watu wa Marekani huko, halafu mimi nakuja kuarifiwa na meseji ya mtandao wa simu: ndugu mteja, umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako.

Nimetumia! Mimi!

Nina stesheneri hapa Nkuhungu, Dodoma. Kopi, kuprinti, kuskani, picha za pasipoti, barua za maombi ya kazi, na siku za usaili pale Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, wageni wanaoshuka treni ya SGR na bahasha zao wakikumbuka kwamba kopi za vyeti wameziacha Dar es Salaam. Wenzetu wenye ofisi kule Mtumba, mji wa serikali, wana waya wa intaneti umechomoza ukutani, hawajui bando linavyokata. Sisi wa mitaani tunaunga hotspoti. Basi najiunga kifurushi cha wiki, natembea kifua mbele, kabla chai haijapoa ile meseji hiyo. Mteja pekee aliyekuwa ameshaingia alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, na kopi haili bando. Mimi mwenyewe nilikuwa nafuta vumbi, na anayekaa Dodoma anajua kufuta vumbi hapa si kazi ya kumaliza, unafuta huku upepo unakuletea lingine.

Kwenye simu mambo haya kila mtu anayajua. Hata mama ntilie hapa jirani, akianza kusonga ugali, anazima data kwanza ndipo anashika mwiko. Anajua programu gani inakula na ipi haina neno. Kompyuta je? Watu wazima na akili zetu tunaiunga na hotspoti tukidhani imetulia kwa sababu kioo kimetulia.

Nikamwita mpwa wangu, anasoma mambo ya kompyuta chuo. Vijana hawa ukiwatuma maji hawasikii, ukitaja kompyuta wanafika kabla hujakata simu. Akakaa kwenye kiti changu, akafungua pahali panapoonyesha ni programu ipi inatuma nini kwenye mtandao. Jamani. Nilidhani naishi peke yangu humu, kumbe nimepangisha.

Programu ya kusomea PDF ilikuwa inajisasisha. Programu ya printa inatoa taarifa kwao kuhusu sijui nini, wakati wino wenyewe najaza kwa bomba la sindano. Kuna programu ya kutunza mafaili mawinguni, iliyokuja na kompyuta, yenyewe ilikuwa inapandisha picha za pasipoti za wateja. Watu wa Chang'ombe na Nkuhungu, wamekaa na mandhari ya bluu, hawajui kwamba sura zao zinasafiri kwa bando langu. Mchezo wa karata ambao sijawahi kuucheza ulikuwa unavuta matangazo. Na kikokotoo! Nikamuuliza mpwa, hivi kujumlisha mia mbili na mia tano kunahitaji intaneti? Akacheka, akasema mjomba, kina sehemu ya kubadilisha fedha za kigeni, huwa kinavuta viwango vya kubadilishia. Dola na yuro, hapa Nkuhungu, kwenye duka ambalo noti ya elfu kumi ikiingia tunahangaika chenji.

Nikamuuliza, kwani hii kompyuta haina ulinzi? Akasema ipo fayawoli, mlinzi wa mlango wa mtandao, Windows inakuja nayo, na tangu yale marekebisho makubwa ya Windows XP ya mwaka 2004 inajiwasha yenyewe. Sasa inalinda nini, na bando linaisha? Hapo ndipo nilipochoka. Kumbe kwa jinsi inavyokuja kutoka kiwandani, inazuia wanaotaka kuingia bila kuitwa. Wanaotoka inawaachia. Yaani ni mlinzi wa geti anayemkagua mgeni mpaka soksi, halafu mtu akitoka na godoro kichwani anamfungulia geti na kumtakia safari njema.

Mpwa akaitetea. Akasema hatari kubwa enzi zile ilikuwa minyoo ya mtandao, inaingia kwenye kompyuta bila hata mtu kubofya kitu, kwa hiyo geti la kuingilia ndilo lililofungwa kwanza. Na uwezo wa kuwazuia wanaotoka upo, uliongezwa kwenye Windows Vista mwaka 2007. Sawa. Uko wapi? Unaandika wf.msc, linafunguka dirisha lenye safu na safu za kanuni, kila mstari una jina, bandari, itifaki, na kabla sijafika katikati ya orodha wateja watakuwa wamehamia kwa jirani. Kibaya zaidi, ukiamua kufunga wote wanaotoka, fayawoli hiyo haikuulizi kitu. Inafunga kimya kimya. Programu inakwama, wewe unabaki unaitukana printa.

Wanaotaka kuulizwa wanaongeza programu nyingine juu yake. Wenye Mac wana Little Snitch, ya siku nyingi hiyo, wenye Linux wakaona nao wajitengenezee OpenSnitch, na kwa Windows zipo kadhaa, mpwa akanichagulia simplewall kwa sababu ni ndogo na ni ya bure. Neno bure likanilainisha. Akaiwasha, akafunga kila kitu, akaniambia: mjomba, kuanzia leo hakuna kinachotoka bila wewe kuruhusu.

Nikajiona mtu. Kwa mara ya kwanza kuna mahali nakalia kiti na watu wanakuja kuomba.

Nilichokuwa sijui ni kwamba wataomba mchana kutwa. Naandika barua ya mteja, "Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu", dirisha linachomoza pembeni: fulani anataka kwenda mtandaoni, ruhusu au kataa? Nakata picha ya pasipoti, dirisha. Nachaji pesa, dirisha. Na hao waombaji hawajitambulishi kama watu. Wangesema mimi ni karata, naenda kuvuta matangazo, tungemalizana mapema. Wanakuja na majina ya ajabu yanayoishia na exe. Unakaa pale na mamlaka yako yote, hujui unayemruhusu ni mtoto wa nyumbani au kibaka.

Sasa kuna mzee mmoja wa mtaa wa Kikuyu hapa hapa Dodoma, mteja wangu wa siku zote, kila mwezi ana barua ya kiwanja. Anaingia, anasalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, anakaa kwenye benchi anasubiri. Siku hiyo nilimwacha dakika chache nikaenda kwa mama ntilie kutafuta chenji. Pembeni kwenye meza alikuwepo binti anatuma maombi ya kazi, vyeti ameshapandisha, imebaki kubofya tu, na mwisho wa kupokea ni siku ile ile. Narudi namkuta binti kashika kichwa.

"Kaka, mbona haiendi?"

Natazama hotspoti, ipo. Bando, lipo. Kurasa zote zimekufa, hata zile nyepesi.

"Mzee, shikamoo tena. Kuna kitu chochote kimetokea hapa?"

"Marahaba. Kuna mtu alikuwa anaomba kutoka," mzee akasema ametulia kabisa. "Nimemkatalia."

"Anaitwa nani?"

"Jina lake halisomeki. Herufi nyingi, irabu moja. Mtu wa heri hawezi kuwa na jina lile."

Svchost! Jina halisomeki kweli, hapo simlaumu mzee. Ila huyo bwana ndani ya Windows ni kapu: huduma nyingi tofauti zinapita kwa jina lake hilo hilo moja. Wa masasisho anapita humo, na yule anayetafuta anwani za tovuti naye yumo humo humo. Ukimkatalia ili kuzuia masasisho, umemkatalia na yule anayeijulisha kompyuta tovuti iko wapi, na kivinjari kinabaki kimesimama hakijui kiende upande gani. Mpwa alinielekeza kwa simu, tukamfungulia svchost, binti akabofya, ikaenda. Akanilipa bila kunitazama. Mzee akauliza kama barua yake ya kiwanja iko tayari.

Ukishamruhusu svchost lakini, umewaruhusu na hao wa masasisho, si ndiyo? Ndiyo. Kwa hiyo geti nimefunga, na mlaji mkubwa kuliko wote nimemfungulia mwenyewe. Mpwa akasema hapo dawa ni nyingine, kuna kitufe kwenye mipangilio ya mtandao cha kuiambia Windows kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Kipo tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Ukikiwasha, masasisho mengi yanatulia mpaka uyaite. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakunionyesha hicho kwanza kabla ya kunipa cheo cha ulinzi, nikakumbuka ni mtoto wa dada yangu.

Na kitufe chenyewe nacho kina visa. Kinakumbuka mtandao mmoja mmoja. Simu yangu ikiisha chaji nikaunga ya mke wangu, kompyuta inauona ni mtandao mpya kabisa, inadhani tumefika mjini, inaanza kula. Nikiunga simu kwa waya wa USB, Windows inauhesabu ni mtandao wa kebo, kitufe uanze kukitafuta tena upande huo. Halafu hicho kitufe ni ombi tu kwa programu nyingine. Zilizolelewa vizuri zinasikia, nyingine zinapita nalo.

Palepale mpwa akagundua kingine. Windows ina kipengele ambacho kikiwekwa upande wa intaneti, kompyuta yako inawagawia wenzake vipande vya masasisho ilivyokwisha kupakua. Wenzake akina nani? Yeyote, mjomba, popote alipo. Kwa bando la nani? Mpwa akakizima bila kujibu.

Mnisikilize vizuri, nisieleweke kwamba haisaidii. Inasaidia. Kifurushi cha wiki sasa kinaiona Ijumaa. Karata nimezikatalia, kikokotoo nimekikatalia, kinajumlisha vizuri tu bila dola. Programu ya picha mawinguni nimeitoa kabisa. Lakini kuna programu moja kila ikijisasisha inahamia kwenye folda mpya yenye namba mpya ya toleo, na kwa mlinzi wangu huyo ni mtu mpya, hajawahi kumwona, inabidi niulizwe upya. Juzi juzi nimemruhusu, leo anabisha hodi na shati jipya.

Na kivinjari ndicho kinaniumiza roho. Kivinjari huwezi kukikatalia, ndiyo kazi yenyewe. Ukishakiruhusu, kila kinachofunguliwa humo ndani kinapita kwa ruhusa ile ile. Mlinzi anaona kivinjari, haoni kilichomo. Kijana anakuja, nikuprintie nini, anasema subiri nifungue barua pepe, nikigeuka kukata karatasi nasikia mtangazaji anapiga kelele, kumbe mtu anaangalia magoli ya jana. Yako wazi, kioo kizima, ubora wa juu. Fayawoli imekaa kimya, kwake hapo hakuna kosa. Huyo inabidi nimkatalie kwa mdomo, na yeye ni mteja.

Jana jioni nataka kufunga, mzee wa Kikuyu yupo kwenye benchi, barua imekosewa namba ya kitalu, dirisha likachomoza. Nikasoma, nikarudia kusoma. Safari hii anayeomba kwenda mtandaoni ni simplewall yenyewe. Nikampigia mpwa. Akasema ruhusu mjomba, inaenda kuangalia kama kuna toleo jipya.

Nikageuka. "Mzee, huyu wewe unamfahamu?"

Akavaa miwani, akasogea, akasoma herufi moja moja.

"Simfahamu."

Nikabofya kataa, nikaendelea na kitalu.