Honi ya Saa Tano Usiku

Maandishi ya chini ya transfoma niliyasoma baada ya moshi.

Treni yenyewe ni ya kuchezea, chapa ya Lionel ya Marekani, ya miaka ya 1950, ya reli tatu, niliinunua kwa Mmarekani mmoja aliyekuwa anahama Forest hapa Mbeya. Transfoma yake ni nyeusi, nzito kama tofali la kuchoma. Imeandikwa volti 115, wati 90. Umeme wa kwetu volti 230. Mimi nikachomeka.

Ikanguruma, ikanuka, ikafuka. Mke wangu akapiga makofi: kwa kuwa injini ni ya makaa, alidhani moshi umo kwenye bei.

Fundi redio wa Mwanjelwa akanieleza vizuri tu. Nitafute transfoma ya kushusha 230 kuwa 110, yenye wati za kutosha, ndipo nifunge nyingine kama ile iliyoungua. Au nitafute moja kwa moja inayotoa AC, yaani umeme unaogeuka-geuka kama wa ukutani, ya volti 16 hivi. Nikamuuliza, na betri ya gari je? Akakuna kichwa. "Kutembea itatembea." Ningemuuliza na mengine, lakini mfuko ulishafurahi.

Usiku wa saa tano, baridi ya Juni inauma, wakwe wamelala chumba cha wageni, nikabana klipu za betri kwenye reli. Treni ikachomoka. Na honi ikalia. Haikukata. Kumbe honi za treni hizi huamshwa kwa DC kidogo, umeme wa kwenda upande mmoja kama wa betri, inayopitishwa juu ya AC. Mimi nimeipa DC tupu, yaani nimeiamuru ilie mpaka kiama.

Naparamia klipu, mlango ukafunguka. Baba mkwe, mstaafu wa TAZARA, kajifunga blanketi mpaka kidevuni.

"Usizime! Inaingia wapi hiyo?"

"Iyunga, baba."

"Acha ifike."

Akachuchumaa, akahesabu reli kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Akarudia. "Mkwe wangu, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860, na zote tumezipita kwa reli mbili. Hii ya tatu ya nini?"

Nikamwambia ndiyo inayoleta umeme. Akaguna kama mtu aliyeletewa risiti isiyo na muhuri.

Jirani akagonga ukuta. Mama mkwe akauliza kutoka chumbani kama kuna msiba. Baba mkwe akajibu kwa sauti kwamba ni treni tu, imechelewa, kisha akavuta kanga ya kijani kwenye kamba na kuanza kuipeperusha kila injini ilipopita mguu wa meza. Kila nilipoigusa klipu alinikata jicho. Tukaenda hivyo mpaka honi ikaanza kukwama kwama, ikalia kama mbuzi mwenye mafua, ikanyamaza. Betri ilikuwa imekwisha.

Alfajiri gari likagoma kuwaka. Mimi na jirani tulilisukuma kwenye umande, jirani hasemi neno. Baba mkwe kakaa kwenye usukani na blanketi lake, anapiga honi kwa mdomo.