Mashudu ya Mise kwa Kuku wa Kigoma: Unafuu Uko Wapi?

Mfugaji wa Kigoma anayenunua chakula cha kuku kilichotoka Dar es Salaam hulipia pia safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Kwa kuwa chakula huchukua takribani asilimia 60 hadi 70 ya gharama za ufugaji, si ajabu akageukia mabaki ya jirani: mashudu ya mise (makapi ya kokwa za chikichi zilizokamuliwa mafuta) kwa wakamuaji, maganda ya muhogo ya Kasulu na Kibondo, na pumba za mahindi mashineni. Wanaoyatetea wana hoja nzito, kwani chikichi ni zao la mkoa huu, na mashudu yake hayashindaniwi na mlo wa binadamu.

Tatizo huanza pale unafuu unapopimwa kwa bei ya gunia peke yake. Mashudu ya mise yana protini ya takribani asilimia 16, pumba za mahindi kama 10, na maganda makavu ya muhogo hayafiki hata 6. Kilo 65 za pumba zikichanganywa na kilo 35 za mashudu, protini inakuwa asilimia 12 tu, ilhali kuku wa mayai anahitaji 16 hadi 18. Isitoshe, mashudu hayo yana nyuzinyuzi nyingi zisizomeng'enywa vizuri na kuku, na yakikamuliwa kienyeji hubaki na chembe za ganda gumu.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huziba pengo hilo: pumba kilo 70, mashudu 20 na dagaa 10 wenye protini ya asilimia 60 hufikisha asilimia 16, ingawa kuku wa mayai bado atahitaji chokaa kwa ajili ya maganda ya mayai. Lakini dagaa ni kitoweo cha watu, na ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei 2024, ilidhihirika kwamba nguzo hiyo si ya kuegemea mwaka mzima. (Na dagaa walioanikwa mchangani hupimwa pamoja na mchanga wao.) Maganda ya muhogo mchungu nayo yana sianidi, hivyo lazima yakaushwe vyema juani; yakihifadhiwa yakiwa na unyevu wa masika, hukaribisha sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu.

Kwa maoni yangu, mabaki haya yanawafaa zaidi kuku wa kienyeji wakubwa, ambao hujitafutia wadudu na majani, kuliko vifaranga. Kifaranga wa kuku wa mayai hula takribani kilo 2 tu katika wiki nane za mwanzo, kwa hiyo kumnyima chakula kamili wakati huo ni kubana matumizi mahali pasipostahili. Kuku 100 wanaotaga hula takribani kilo 12 kwa siku, na hapo ndipo penye fedha ya kuokoa. Mashudu yaongezwe kidogo kidogo huku trei zikihesabiwa kila wiki. Zikipungua, thamani ya mayai yaliyokosekana ijumlishwe kwenye bei ya gunia kabla ya mtu kusema kwamba chakula chake ni rahisi.