Kiangazi Mtoni: Samaki Amekuona Kabla Hujatupa Ndoano

Kiangazi kikikolea, wavuvi wengi wa mtoni hukata tamaa. Mto umeshuka, mawe yametoa migongo, maji yametakata mpaka unaona kokoto za chini mojamoja, na samaki waliokuwa wakidaka ovyo kipindi cha mvua sasa hawasogelei chambo. Fimbo ya kuvulia inaning'inizwa ukutani mpaka maji ya tope yarudi. Mimi naona wanaufunga msimu ule ule ambao mto unafundisha kuliko mwingine wowote. Maji machache na maangavu ndiyo uvuvi mtamu kuliko wote, mradi mvuvi akubali mambo mawili: aonekane kidogo, na avue kidogo.

Samaki hajapoteza njaa. Alichopoteza ni maficho. Mto ulipojaa alikuwa na kina, tope na mawimbi ya kumsitiri, na sasa korongo anamwona, fisi maji anamwona, na wewe unamwona. Aliyebaki hai mpaka katikati ya kiangazi ni yule anayekimbia kila kinachosogea juu ya maji. Kwa hiyo mambo huamuliwa muda mrefu kabla ya ndoano kulowa, pale unapoteremka ukingoni ukiwa umesimama wima, jua likiwa mgongoni na kivuli chako kimetangulia mbele hadi katikati ya dimbwi. Ukishafanya hivyo, badilisha chambo hata mara kumi, haisaidii.

Inafaa kujua samaki anaionaje dunia ya juu. Mwanga ukiingia majini hupinda, kwa hiyo samaki huona kila kilicho nje ya maji kupitia duara moja tu juu ya kichwa chake, lenye upana wa pembe ya nyuzi 97. Nje ya duara hilo, uso wa maji kwake ni kioo kinachomrudishia taswira ya chini ya mto. Duara hukua kadiri anavyozama: akiwa sentimita 30 chini, upana wake ni kama sentimita 68, akiwa mita moja chini, unapita mita mbili. Pembeni mwa duara, vitu vilivyo chini karibu na upeo wa macho hubanwa na kufifia. Hapo ndipo penye siri ya mvuvi. Mtu wa mita 1.7 aliyesimama usawa wa maji, mita 10 kutoka kwa samaki, yuko chini kidogo ya nyuzi 10 kutoka usawa wa maji, na kwa samaki anakuwa ukungu tu wa pembeni. Akisogea hadi mita tano anafika karibu nyuzi 19, na hapo anaonekana mzima, na fimbo yake, na mkono unaopunga.

Basi piga goti. Nasema hivyo bila kutania: goti lina thamani kuliko ndoano yoyote iliyomo kwenye kasha lako. Ukiwa umesimama kwenye ukingo ulioinuka, urefu wa ukingo unajumlishwa na wako, kwa hiyo shuka chini ama rudi nyuma. Samaki wa mtoni huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, kwa sababu huko ndiko hewa na chakula vinakotokea, hivyo mfuate kutoka chini ya mkondo ukipanda. Na nenda polepole, polepole kweli. Maongezi ya kawaida hayaingii sana majini, lakini kishindo cha buti kwenye changarawe kinapita ardhini hadi majini, na samaki ana mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko mdogo kabisa. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na mtoni methali hii haina mafumbo yoyote.

Kisha kaa utazame. Wengi wanatafuta samaki mzima, wanaona mawe tu, wanaondoka. Tafuta kivuli chake kwanza. Jua likiwa juu, mgongo wa trauti, samaki wa mito ya maji baridi, umefanana kabisa na changarawe, ila kivuli chake kimelala chini yake kikiwa cheusi, kinayumba kidogo kushoto na kulia huku mawe yote yametulia. Ukishakipata, panda na macho kidogo kuelekea juu. Utaona ukingo wa mkia kwanza. Baadaye, kama una subira, utaona kitu cheupe kikimeta na kupotea: mdomo umefunguka, amemeza kitu, amefunga. Akirudia palepale, kila baada ya muda mfupi, huyo anakula na hana wasiwasi, na sasa una haki ya kufikiria kutupa ndoano. Miwani inayokata mng'ao wa maji husaidia sana hapa, na kwangu ndicho kifaa pekee cha kiangazi kinachostahili fedha.

Kuhusu vifaa vingine sina mengi. Mshipi mwembamba unafaa kwa sababu chambo hutembea nao kwa uhuru zaidi. Chubwi iwe ndogo au isiwepo kabisa, maana kishindo chake kwenye maji yaliyotulia kinamaliza kila kitu. Tupa mbali mbele ya samaki umwachie mkondo umpelekee. Ila hao wanaoshuka hadi mshipi kama unywele siwaelewi. Mshipi dhaifu hukulazimisha kumchosha samaki kwa muda mrefu, na kwenye maji ya moto muda huo ndio unaomuua. Ni afadhali mshipi wenye nguvu kidogo na mvuvi aliyejificha vizuri. Chambo nacho kiwe kile anachokiona kila siku kikianguka toka majanini: panzi, siafu, mende wadogo. Kiangazi mto hulishwa na nchi kavu.

Utawakuta wapi? Usipoteze muda kwenye dimbwi pana lililoanikwa juani. Nenda kwenye maji ya kasi yanayovunjika juu ya mawe, kwa sababu pale hewa inachanganyika na maji na uso uliovurugika unamsitiri. Nenda chini ya matawi yaliyoinama, na pale kijito baridi au chemchemi inapoingia mtoni. Lakini pale penye chemchemi nina neno.

Maji yakipata joto hupoteza oksijeni. Lita moja ya maji matamu ya nyuzi 10 za Selisiasi inaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 25 inabaki kama nane. Wakati huohuo mwili wa samaki unadai hewa nyingi zaidi kwa sababu ya joto lenyewe. Trauti huanza kutaabika maji yakikaribia nyuzi 20, na yakifika karibu nyuzi 25 maisha yake yako hatarini. Ukiona samaki wengi wamejikusanya mdomoni mwa kijito baridi, hawajaja karamuni. Wamekimbilia hapo kutafuta pumzi. Kuwavua pale ni rahisi mno, na ndiyo maana nasema waachwe.

Sikubaliani kabisa na wale wanaosema, "Mimi namrudisha majini, kwa hiyo simdhuru." Samaki aliyevutwa kwa nguvu zake zote ndani ya maji ya nyuzi 22, akainuliwa juu kwa ajili ya picha, akaachiwa, anaweza kuondoka akiogelea vizuri mbele ya macho yako na akafa jioni chini ya jiwe usiloliona. Kama maji bado ni baridi, mrudishe, tena mrudishe vema: mikono iloweshwe kwanza, ndoano isiwe na kijino, asitolewe majini. Kama maji yamepata joto, hakuna namna ya upole ya kumvua. Unayevua kwa ajili ya kitoweo nakuelewa zaidi, chukua unaowahitaji kwa kadiri sheria inavyoruhusu kisha ukome, ila usiendelee kuwachosha wengine kwa burudani.

Hayo si maneno ya mvuvi mmoja mwenye huruma iliyopitiliza. Kule Montana, Marekani, mto ukifika nyuzi 73 za Farenihaiti, yaani karibu nyuzi 23 za Selisiasi, kwa siku tatu mfululizo, mamlaka zinaweza kuzuia uvuvi kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Kiangazi cha mwaka 2003, joto lililoikumba Ulaya liliua maelfu ya samaki aina ya greilingi, jamaa wa trauti, katika mto Rhine, upande wa Uswisi. Hakuna mtu aliyewatupia hata ndoano. Sasa jiulize samaki wa namna hiyo anabakiwa na nguvu gani za kupambana na fimbo yako.

Kwa hiyo kipimajoto kiwemo mfukoni. Kidumbukize kwenye maji yanayotembea, kivulini, ungoje kidogo. Chini ya nyuzi 18, endelea. Zikipita 18, mvue haraka na umwachie haraka. Zikifika 20, kunja mshipi. Alfajiri ndiyo saa ya kufika, kwa sababu usiku mzima mto umekuwa ukipoa. Jioni, hata jua likizama, maji bado yameshikilia joto la mchana, na wengi hudanganywa na upepo mwanana unaowapuliza usoni. Vipimo hivi ni vya trauti na jamaa zake wa maji baridi. Kambare ana mambo yake: kambare mumi anaweza kupumua hewa ya juu, na dimbwi la vuguvugu lisilo na oksijeni ya kutosha halimtishi kama linavyomtisha trauti.

Siku ambayo kipimajoto kimekataa, usirudi nyumbani mara moja. Iache fimbo, tembea ukingoni. Huu ndio wakati pekee mto unapokuonyesha sakafu yake: shimo lililochimbwa nyuma ya jiwe kubwa, gogo lililozama, mfereji mwembamba unaopita karibu na ukingo na ambao hukuwahi kujua kwamba upo. Chora hata kwa mkono kwenye daftari, weka alama ya mti au mwamba ulio jirani. Mvua zikirudi na maji yakageuka rangi, hutaona chochote, lakini jiwe lile litakuwa palepale, na nyuma yake mkondo utakuwa umetulia, na samaki anayekwepa nguvu ya mafuriko atapumzika humo.