Folda ya .git: raha na karaha za kuwa wazi

Kila mradi unaotumia Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, una folda iliyofichwa iitwayo .git, na watu wengi hawaifungui hata siku moja. Humo ndimo ilimo repo yenyewe, yaani hifadhi ya historia ya mradi. Mafaili unayoyahariri huku nje ni nakala tu ya toleo moja. Ukiifuta .git, historia yote imekwenda; ukibaki nayo peke yake, kila kilichowahi kukomitiwa, yaani kuhifadhiwa kama toleo, unaweza kukirudisha.

Kwa karibu miaka ishirini mpangilio wa ndani ya folda hii ulikuwa kitu cha kujivunia: mafaili na folda za kawaida, nyingi zinasomeka kwa macho. Mwezi Aprili 2024 likatoka toleo la 2.45, likaja na reftable, njia nyingine ya kutunza majina ya matawi (mistari ya kazi inayokwenda sambamba) na lebo ambayo huwezi kuisoma kwa `cat`, amri ya kuonyesha maandishi ya faili. Mpango uliotangazwa ni kuifanya chaguo-msingi Git 3.0 itakapotoka. Ndipo swali la zamani likarudi: vitu vya ndani vya repo vikae wazi kama mafaili, au vifungwe katika muundo ambao programu yake tu ndiyo inauelewa?

Tuanze kwa kuangalia kilichomo. `git init`, amri ya kuanzisha repo, huzalisha vitu vichache sana. Kuna HEAD, faili la mstari mmoja, mathalani `ref: refs/heads/main`, linalotaja tawi ulilopo. Kuna config. Kuna description, ambalo karibu hakuna anayeligusa. Kuna hooks yenye mifano ya skripti, na info. Kisha kuna folda mbili zinazobeba mzigo wote: objects, ambayo hutunza yaliyomo, na refs, ambayo hutunza majina. Faili la index huzaliwa baadaye, pale unapotumia `git add` kwa mara ya kwanza.

Chukua faili lenye neno `hello` na mwisho wa mstari, yaani baiti sita. Ukiliingiza kwenye Git, hutanguliziwa kichwa `blob 6` na baiti moja ya sifuri, kisha vyote kwa pamoja hukokotolewa heshi ya SHA-1, namba ya utambulisho inayotokana na baiti zenyewe. Jibu ni `ce013625030ba8dba906f756967f9e9ca394464a`. Herufi mbili za mwanzo zinakuwa jina la folda, 38 zilizobaki jina la faili, na ndani yake data hubanwa kwa zlib. Yeyote atakayeingiza baiti hizo sita kwenye repo ya SHA-1, popote alipo, atapata jina hilohilo. Jina ni alama ya vidole ya kilichomo. Faili la namna hii huandikwa mara moja tu. Halina sababu ya kuguswa tena, maana ukibadilisha hata baiti moja, jina halilingani tena na kilichomo na `git fsck`, amri ya kukagua repo, itakuumbua.

Sasa linganisha na `refs/heads/main`. Ni faili la baiti 41: tarakimu 40 za heshi ya komiti ya mwisho na mwisho wa mstari. Tawi zima ndilo hilo. Kila unapokomiti, baiti hizo zinaandikwa upya. Kwa hiyo .git ina vitu vya tabia mbili zisizofanana kabisa, kimoja hakibadiliki kamwe na kingine kinabadilika kila saa, na vyote viwili vililazwa chumba kimoja kwa sababu tu vyote ni mafaili. Nadhani sehemu kubwa ya ubishi juu ya mpangilio huu inatokana na kuwachanganya hawa wawili.

Wanaotetea uwazi wana hoja nzito, na ya kwanza ni kujifunza. Mwanafunzi anayeona kuwa tawi ni faili la baiti 41 anaelewa kwa dakika moja kwa nini kuunda tawi ni rahisi na kwa nini kulifuta hakufuti kazi yoyote papo hapo. Maelezo ya kurasa kumi hayafikii hapo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Hoja ya pili ni uokoaji. Tuseme tawi limefutwa kimakosa. Fungua `.git/logs/HEAD`: kila mstari una heshi ya zamani, heshi mpya, jina la aliyefanya, saa, na kilichofanyika. Tafuta mstari wa komiti ya mwisho iliyofanywa ukiwa kwenye tawi lile, chukua heshi, iandike kwenye faili ndani ya refs/heads, na tawi limefufuka. `git branch` ikipewa jina na heshi hufanya jambo hilohilo kwa usalama zaidi, na mimi ningetumia hiyo. Lakini kujua kwamba chini ya ile amri hakuna muujiza kunampa mtu utulivu wa kufikiri badala ya kuanza kubofya ovyo. Kwa kawaida una muda pia: kumbukumbu za komiti ambazo tawi halizifikii tena hukaa siku 30 kabla hazijafagiliwa.

Upande wa pili hauna haja ya kubuni vitisho, historia inautosha. CVS, mfumo wa kutunza matoleo uliotawala kabla ya mwingine uitwao Subversion, ulitunza kila faili la mradi kwenye seva kama faili lenye jina lilelile na `,v` mwishoni, na yaliyofutwa yaliwekwa kwenye folda iitwayo Attic. Wazi kabisa. CVS haikuwa na amri ya kubadilisha jina la faili, basi watu wakawa wanaingia kwenye seva na kuyahamisha yale mafaili ya `,v` kwa mikono. Ilifanya kazi, mpaka mtu alipotaka kulirudisha toleo la mwaka uliopita, akakuta faili limetokea kwa jina jipya katika toleo ambalo halikuwahi kulijua. Uwazi ulikuwa umewapa watu mlango wa nyuma wa kuharibu historia, wakautumia kwa nia njema kabisa.

Halafu kuna suala la mfumo wa faili wenyewe. Ukiamua kwamba jina la tawi ni jina la faili, umekubali pia sheria zote za diski unayotumia. Kwenye Windows na macOS, ambako kwa kawaida diski haitofautishi herufi kubwa na ndogo, tawi `Malipo` na tawi `malipo` haviwezi kukaa pamoja kama mafaili, ingawa kwenye Linux vinakaa bila shida. Mtu mmoja kwenye timu akiyasukuma yote mawili kwenye seva, mwenzake anaanza kuona tawi linaruka huku na huku bila maelezo. Tena huwezi kuwa na tawi `lipa` na tawi `lipa/kadi`, kwa kuwa `lipa` haliwezi kuwa faili na folda kwa wakati mmoja. Katazo hili la mwisho limebakizwa hata ndani ya reftable, ambayo haina folda za majina, ili repo za aina mbili ziendelee kuelewana. Mfumo wa faili unaondoka, sheria yake inabaki.

Na zile programu za kusawazisha folda kwenye wingu? Zenyewe huona mafaili tu. Hazijui kwamba faili la refs halipaswi kufika kabla ya komiti linayoitaja, na zikikutana na mgongano huacha nakala yenye jina la ajabu katikati ya refs/heads, ambayo Git huilalamikia kuwa ina jina bovu. Ukiweka .git humo, unatafuta balaa.

Wingi nao ni tatizo. Folda yenye maelfu ya vifaili vidogo ni mzigo, kwa hiyo Git huvikusanya. Namna inavyoamua kufanya hivyo ni ya kuchekesha kidogo: kiwango kilichowekwa ni takribani vifaili 6,700, lakini badala ya kuvihesabu vyote, kwa miaka mingi Git imekuwa ikichungulia folda moja tu, `objects/17`. Heshi hutawanyika sawasawa katika folda 256, kwa hiyo ikikuta humo zaidi ya mafaili 27 hivi inahukumu kwamba repo nzima imejaa. Mtu anaweza kuiona kuwa mbinu ya kihuni, mimi naiona ni ustadi.

Vikishakusanywa, vifaili hivyo huingia kwenye pakiti moja ndani ya `objects/pack`, ambamo vinavyofanana hutunzwa kwa tofauti zao tu, pamoja na faili la faharasa la kutafutia. Hapa ndipo watetezi wa uwazi wanapojisahau. Fungua repo yoyote iliyokomaa, au uliyoiklona (uliyoinakili kutoka kwenye seva) sasa hivi, na utakuta karibu data yote imo ndani ya pakiti ambayo `cat` haisomi. Faili la index nalo lina muundo wa baiti tangu mwanzo. Uwazi unaoliliwa leo uliondoka kwenye data ya Git mwaka 2005, mwaka uleule programu ilipozaliwa, pakiti zilipoanza kutumika. Kilichobaki wazi kwa maana kamili ni HEAD, config, kumbukumbu za logs na vile vifaili vya refs, yaani hasa sehemu zinazobadilika.

Na hizo ndizo zinazouma. Majina yakiwa mengi, Git huyahamishia kwenye faili moja la maandishi, packed-refs, mstari mmoja kwa kila jina. Kufuta jina moja kunalazimu faili zima liandikwe upya. Nyaraka za reftable zinataja mradi wa Android wenye vielekezi, yaani majina ya namna hiyo, 866,000, na faili la packed-refs linalofikia megabaiti 62. Kuandika upya megabaiti 62 ili kufuta mstari mmoja ni kichekesho kisichochekesha mwenye seva. Zaidi ya hapo, ukisasisha matawi kumi kwa pamoja, mafaili hubadilishwa moja baada ya jingine, na anayesoma katikati anaweza kuona sita mapya na manne ya zamani.

Fossil, programu nyingine ya kutunza matoleo, ya D. Richard Hipp aliyeunda pia hifadhidata ya SQLite, ilichukua njia nyingine moja kwa moja: repo nzima ni faili moja la SQLite. Badiliko huingia lote au haliingii kabisa, na maswali magumu juu ya historia huulizwa kwa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Wanaoita hilo kufungwa wanatia chumvi, kwani programu ya kusoma SQLite imo karibu kila mahali. Hasara ipo, ila iko kwingine: faili moja linalohaririwa ndani kwa ndani ni hatari kulinakili wakati linaandikwa, na uharibifu ukitokea vibaya unagusa vitu vingi kwa mpigo.

Mfano ninaouona wa maana kuliko yote ni Subversion, ingawa siku hizi hausemwi sana. Kabla ya toleo la 1.7 la mwaka 2011, kila folda ya nakala yako ya kazi ilikuwa na .svn yake. Ukitafuta neno kwa `grep` ulilipata mara mbili, kwenye faili lako na kwenye nakala yake ndani ya `.svn/text-base`. Ukihamisha folda kwa mkono, hesabu zote zinavurugika. Toleo la 1.7 likaweka .svn moja tu juu ya mradi. Ndani yake, hali ya nakala, yaani kila kinachobadilika, iliingia kwenye hifadhidata ya SQLite iitwayo wc.db. Nakala safi za mafaili ziliwekwa kwenye folda pristine, zikaitwa kwa heshi za SHA-1 na kugawanywa kwa herufi mbili za mwanzo. Waliokuwa wakifungia data hawakuifungia yote; waliacha nje kile kisichobadilika.

Kwa hiyo nasimama upande wa reftable, kwa sharti hilohilo. Ukiitazama kwa karibu, haifanani na hifadhidata ya kawaida. Kila sasisho huandika jedwali jipya kama faili ambalo halitahaririwa tena, lenye namba ya kuhakiki mwishoni. Majedwali yakirundikana, huunganishwa kuwa jipya na ya zamani hutupwa. Orodha ya majedwali yanayotumika sasa hivi imo kwenye faili liitwalo `tables.list`, nalo ni maandishi matupu, jina moja kila mstari. Majina ya matawi yameanza kuishi kwa kanuni ileile ya objects. Kinachopotea ni uwezo wa kuokoa tawi kwa kihariri cha maandishi, na sidharau upotevu huo, hasa kwa anayefundisha. Kwa kufundishia, repo ndogo ya muundo wa zamani itaendelea kufaa.

Watakaoumia ni wenye skripti. Kuna vionyeshi vya tawi vya kwenye mstari wa amri na mitambo ya kujenga programu inayosoma `.git/HEAD` moja kwa moja kwa sababu ni haraka. Kwenye repo ya reftable faili hilo bado lipo, lakini limeandikwa `ref: refs/heads/.invalid`, jina ambalo Git yenyewe hairuhusu kwa kuwa linaanza na nukta, ili chombo cha zamani kishindwe waziwazi badala ya kudanganyika. `refs/heads` nayo inakuwa faili lenye ujumbe kwamba repo hii inatumia reftable. Skripti hizohizo zilishakwama kwenye moduli ndogo za Git (repo ndani ya repo nyingine), ambako .git yenyewe ni faili linaloelekeza kwingine. Kwa anayetunza skripti ya namna hiyo, `git symbolic-ref HEAD` na `git rev-parse` zinajibu maswali hayohayo katika muundo wowote, na ni bora kuzibadilisha sasa, kabla mtu mwingine kwenye timu hajaendesha `git refs migrate`, amri ya kuihamishia repo kwenye muundo mwingine, kwenye seva.