Mwacheni Dogo Ajifunze Kuzuia Kwanza

Kuna dogo kwenye grupu letu la Tekken, gemu ya kupigana wawili, aliuliza swali la kistaarabu kabisa. Anachezea mhusika aitwaye Kazuya, amekwama vyeo vya chini, akipanda hatua moja anashushwa mbili, afanyeje? Majibu yakamiminika. "KBD yako ikoje?" "Ukipiga elektriki kumi, ngapi zinatoka?" "Usiguse mechi za vyeo kabla wevudashi haijakaa mkononi." (KBD ni kurudi nyuma haraka haraka kwa mtindo wa Wakorea, elektriki ni ngumi ya umeme ya Kazuya, wevudashi ni kusonga mbele kwa mawimbi.) Mkuu mmoja akamtumia video ndefu ya Mkorea anayerudi nyuma. Anarudi nyuma tu, mwanzo wa video hadi mwisho. Watu wakagonga moyo.

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anapigwa na nini.

Dogo akaandika "asanteni wakuu" akanyamaza. Juzi nikamwona anaulizia bei ya FIFA, gemu ya mpira. Hongereni.

Nilimfuata pembeni nikamwomba marudio ya mechi zake. Jamani. Kwanza niseme kwamba mkono anao. Elektriki zinatoka, tena mbili mfululizo, kitu ambacho baadhi ya hao wakuu hukifanya kwenye chumba cha mazoezi tu, mbele ya sanamu isiyorudisha ngumi. Lakini mpinzani wake alikuwa na mhusika Bryan, na huyo Bryan hakuwa na maajabu yoyote. Alikuwa na Snake Edge. Teke la chini, zito, linachukua karibu nusu sekunde kufika. Dogo kalila, karushwa hewani, damu ikashuka. Kaamka, kalila tena. Raundi ya pili vilevile. Hilo ni teke ambalo likianza kutoka unapata muda wa kuitikia hodi mlangoni, ukarudi, ukachuchumaa. Na ukilizuia, Bryan anabaki amekaa wazi kiasi kwamba Kazuya ana muda wa kumnyanyua kwa ile ile elektriki ambayo dogo amekesha akiifukuzia. Silaha anayo. Nafasi ya kuitumia inatokana na kuzuia, na kuzuia hakuna aliyemwambia.

KBD nayo aliijaribu, maskini. Akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Pale ukutani ndipo alipofia.

Mimi sina ugomvi na mbinu za juu. Nina ugomvi na mpangilio. Mnamfundisha mtu tiktaka wakati pasi ya kawaida inampita katikati ya miguu.

Twende taratibu, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipo. Anayeanza Tekken hafi kwa kukosa ufundi wa vidole. Anakufa kwa sababu anabonyeza wakati si zamu yake. Ukikaa na marudio ya vyeo vya chini utaona jambo hilo hilo kila mechi: mtu kapiga pigo limezuiwa, badala ya kutulia anapiga lingine, anakula ngumi ya njiani, anakasirika, anabonyeza zaidi. Upande wa pili mwenzake anazuia pigo zito linalomwacha mpigaji uchi, halafu anakaa kimya anatazama. Hamwadhibu. Karibu kila mhusika ana zile ngumi mbili za haraka, moja-mbili, zinazoanza kwa freimu 10. Freimu ni picha moja ya skrini, na sekunde moja ina freimu 60. Ukizuia pigo la adui likamwacha wazi kwa freimu 12, ile moja-mbili ni haki yako ya kisheria, hawezi kuzuia wala kukimbia. Hiyo haihitaji kidole cha Mkorea. Inahitaji kujua pigo lipi likizuiwa linamwacha mtu vibaya, na huko chini mapigo yanayowasumbua watu ni yale yale machache kwa kila mhusika: ngumi nzito ya Paul iitwayo Deathfist, lile teke la Bryan, mateke ya Hwoarang ambayo mtu anadhani hayana mwisho kwa sababu hajawahi kuyazuia mpaka mwisho.

Tekken 8 yenyewe imekuwekea marudio unayoweza kuyasimamisha katikati, ukashika pedi, ukajaribu kujibu pale pale ulipopigwa. Sisi tuliokulia kwenye Tekken 3 tungeuza mbuzi wa jirani kupata kitu kama hicho. Dogo alikuwa hajui kama kipo. Wakuu walishindwa kumwambia hilo, wakamtumia Mkorea.

Halafu linganisha kazi yenyewe. Elektriki inataka chini-mbele na ngumi vitue kwenye freimu moja, yaani moja ya sitini ya sekunde. Ukichelewa kidogo inatoka ngumi ya kawaida, ikizuiwa zamu imehama. Kuifanya itoke ukiwa umebanwa, jasho mkononi, upande wa kulia wa skrini ambako kila kitu kimegeuka, ni miezi. Kujifunza kuchuchumaa ukiona Snake Edge ni jioni moja. Sasa mtu ana saa mbili kwa wiki baada ya kazi, unamwambia azimalizie kwenye ile ya miezi? Kwa faida gani? Ili apigwe teke lile lile akiwa na wevudashi nzuri?

Najua nitaletewa Arslan Ash, bingwa wa Tekken kutoka Pakistan. Huwa analetwa. "Mbona Arslan anacheza hivi, mbona Arslan anarudi nyuma vile." Sawa, tumzungumzie. Mwaka 2019 jamaa katoka Lahore, Pakistan, huko nje hajulikani, akachukua EVO Japan, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, mwezi wa pili, halafu mwezi wa nane akachukua EVO ya Las Vegas, fainali akimfunga Knee, gwiji wa Korea. Knee mwaka huo huo akafunga safari mwenyewe mpaka Pakistan kuona huko kuna nini, na vijana wa huko wakamfunga mechi nyingi tu. Walikuwa na nini? Hawakuwa na siri ya vidole ambayo Wakorea hawaijui. Hiyo KBD ina jina la Korea, kwa Mungu. Walikuwa na sehemu za kuchezea ambako mnakaa bega kwa bega, mnapigana usiku na mchana, ukifanya ujinga unaadhibiwa pale pale na watu nyuma yako wanacheka. Na mhusika aliyemtumia Las Vegas alikuwa Kazumi, mama wa mapigo mafupi, safi, ya kuudhi. Uzuri wa Arslan ni kwamba humwoni akikuachia kitu bila kukuadhibu. KBD anayo, tena ya hatari. Lakini wewe umeona ngozi ya mnyama ukadhani ndiyo nyama.

Hapa Dar tulikuwa na Lahore yetu ndogo ndogo kila mtaa. Kibanda, televisheni ya kichogo, PS1, foleni ya watoto na mwenye kibanda anayepiga kelele "dakika zako zimeisha." Huko hakuna aliyejua freimu ni nini, ila ukija na Eddy, mhusika wa mateke ya kapoeira, wako wa kubonyeza ovyo ulikuta mtu mmoja tu, kwa kawaida mkimya, anayesubiri miguu ipite kisha anakushindilia. Huyo ndiye alikuwa mwalimu. Vibanda vingine vilimpiga Eddy marufuku kabisa, jambo ambalo hadi leo naliona ni woga. Eddy alikuwa mtihani wa kuzuia chini, na mnafuta mtihani kwa sababu mnafeli. (Amerudi Tekken 8 tangu mwezi wa nne 2024, na naona wale wale wanalia upya. Watu wazima na watoto wao.) Siku hizi gemu za mpira zimekula vibanda, mechi inaisha haraka na wawili wanalipa, simlaumu mwenye biashara.

Na hata ukitaka kuniambia KBD ndiyo msingi wa Tekken, Tekken ipi? Hii ya 8 imejengwa ili watu wasogeleane. Mtu akiwasha Heat, hali ya muda inayomwongezea nguvu, anakukata damu hata ukiwa umezuia. Kurudi nyuma bado kuna kazi yake, ila si ile ngome ya zamani, na wachezaji wakubwa wenyewe wamelalamikia hilo. Ninyi mnamkaririsha dogo somo la gemu iliyopita.

Haya, yale ninayoyakubali, nayakubali kwa shingo upande. Kwanza, ukishafika kwa watu wanaoadhibu kila kitu, kucheza bila KBD utajisikia umefungwa kamba miguuni. Pili, Kazuya bila elektriki ni nusu mtu. Dogo angechagua Paul asingekuwa na shida hii, lakini Kazuya hugeuka shetani na watoto wanapenda mashetani, tufanyeje. Tatu, kutegua mishiko ya King, yule mhusika wa mieleka, ni ufundi wa vidole na macho, na unahitajika mapema kabisa, la sivyo utageuzwa gunia. Nne, kuna watu mbinu zenyewe ndiyo raha yao. Anakaa usiku anasikia ule mlio wa umeme, analala na amani. Huyo mwacheni. Ila asije grupu kumwambia mtu anayetaka kushinda mechi kwamba hiyo ndiyo njia.

Special Style mnayoicheka, ya kubonyeza kitufe kimoja kombo ikatoka, mimi ningempa mgeni yeyote kwa wiki yake ya mwanzo. Ajue kwanza anapigwa lini na kwa nini.

Kwa hiyo nina ombi moja dogo kwa wakuu wa grupu. Mtu akiuliza amekwama, mwambieni atume marudio ya mechi aliyofungwa, yatazameni hata raundi moja, kisha mtajeni yule adui aliyemuua: ni teke gani, linazuiwa wapi, linaadhibiwa na nini. Mkishindwa hata hilo, basi nitaanza kuamini kwamba hizo KBD zenu mnazitumia kukimbia maswali.

Dogo nimemwomba aachane na mambo ya FIFA. Jumamosi tunakutana, mimi nitachukua Bryan, na sitapiga kitu kingine zaidi ya Snake Edge mpaka achoke kulila.