Filta za lenzi: ipi ina kazi kwenye mwanga wa Kusini?

Wapiga picha wa Mtwara na Lindi wakipata nafasi kati ya harusi mbili na kwenda kupiga mandhari, ubishi ni ule ule: filta, yaani vioo vinavyofungwa mbele ya lenzi, bado zina kazi, au programu za kuhariri zimezimaliza? Upande mmoja unasema kamera za leo zinahifadhi mwanga mwingi kwenye faili ghafi (RAW, picha kabla ya kuhaririwa), hivyo anga iliyopauka utaitengeneza nyumbani. Upande wa pili hauendi ufukwe wa Msimbati bila mfuko wa vioo. Naona pande zote zinateleza mahali pamoja, maana zinaongelea filta kana kwamba zote hufanya kazi moja.

Polaraiza, filta ya kuzungusha inayokata mng'ao, ndiyo inayowashinda watu wa programu. Mng'ao wa jua juu ya maji, au juu ya majani ya mkorosho yaliyolowa, ukishaingia kwenye picha unafuta kilichokuwa chini yake, na programu haina pa kukitoa isipokuwa kukisia. Polaraiza inaukata mng'ao huo kabla haujafika ndani ya kamera. Lakini ina masharti. Kwenye maji hufanya vizuri zaidi ukiyatazama kwa mshazari wa nyuzi kama 37 kutoka usawa wake: umesimama juu ya mwamba, bahari imekupwa, umeinamisha kamera kwenye matumbawe. Angani, nguvu yake iko nyuzi 90 kutoka lilipo jua. Ukilielekea jua au ukilipa mgongo, anga haibadiliki, na bado umepoteza stopu moja hadi mbili za mwanga (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu).

Ndiyo maana anayeisifia na anayeiponda wanaweza wote kuwa wakweli. Aliyeifunga Msimbati akisubiri jua litoke baharini hakuona tofauti yoyote angani. Mwenzake amesimama kwenye ukingo wa Shimo la Mungu kule Newala, saa mbili asubuhi, anatazama kusini kwenye bonde la Ruvuma na jua liko mkono wake wa kushoto. Huyo ameona utusitusi unapungua na vilima vya Msumbiji vinajitokeza. Msimu wa kuchoma mashamba ni habari nyingine: moshi mzito hauondoki kwa kioo.

Kuna jambo la kwetu linalosahaulika. Tuko karibu na nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na kila Februari na Oktoba jua la mchana husimama karibu kabisa na utosi. Wakati huo ukanda wa anga unaokolezwa na polaraiza huzunguka upeo wote, kwa hiyo popote utakapogeuka bluu inakolea, tena kwa usawa. Asubuhi na jioni, ukiwa na lenzi pana (inayochukua eneo kubwa la mandhari), anga hutoka na baka jeusi upande mmoja. Saa sita mchana, saa ambayo kila mtu anakuambia ufunge begi, ndiyo saa yake. (Vivuli vya saa sita vinabaki vibaya, hilo sipingi.)

Filta ya nusu, ile yenye giza juu na uwazi chini, siinunui. Upeo wa bahari ulionyooka unaifaa kweli. Ila picha zetu nyingi zina minazi, milingoti ya majahazi, au kuta za kasri la kale la Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani, na vyote vinavyopita juu ya mstari wa upeo vinatiwa giza pamoja na anga. Kupiga fremu tatu za mwanga tofauti na kuziunganisha kunatoa kazi safi zaidi. Wanaoitetea wana hoja moja nzito: upepo wa kusi ukivuma, makuti hayatulii kati ya fremu na fremu, na ngalawa imeshasogea. Hapo mimi hutegemea faili moja ghafi, na mara nyingi linatosha.

Filta nyeusi za kupunguza mwanga, ND, ni suala la ladha kuliko ufundi. Ya stopu 6 inageuza muda wa kuingiza mwanga wa 1/125 ya sekunde kuwa nusu sekunde. Ya stopu 10 inaifikisha sekunde 8. Nusu sekunde huchora michirizi ya wimbi linalorudi. Sekunde 8 hufanya bahari kuwa ukungu, na mashua zilizotia nanga Mikindani zinayumba mpaka hazitambuliki. Kusi nayo inatikisa stendi mchangani. Ukitaka moja, chukua ya stopu 6. Zile za kuzungusha ili kuongeza giza zizingatie kwa makini, maana kwenye lenzi pana huacha msalaba mweusi ukifika mwisho.

Filta ya UV, ya kuzuia miale ya urujuanimno, haina cha kuongeza kwenye rangi, kwa kuwa kamera za dijitali tayari zinazuia miale hiyo. Inabaki kuwa kinga ya chumvi na mchanga, na kwa pwani hiyo si kazi ndogo. Ukilielekea jua, ivue, kwani kila kioo cha ziada huongeza mng'ao wa ndani.

Kuhusu kipimo, yaani kipenyo cha filta, nunua cha lenzi yako kubwa zaidi, mathalani milimita 77, kisha tumia pete ya kuongezea kwenye lenzi ya 67. Gharama yake ni kwamba kizuia jua cha lenzi ndogo hakitafunga tena juu ya pete hiyo, hivyo itakubidi ukinge jua kwa kiganja.